Mume Aliyeishia Sura ya Nne

"Una ujumbe, mke wangu."

"Wa nani?"

"Namba haina jina."

"Unasemaje?"

"Soma mwenyewe, ni wako."

Msahihishaji akaisukuma simu mezani, akarudi kwenye chai yake. Mkewe, fundi wa mapazia, aliyaona macho yake yakipita kwenye kioo mpaka neno la mwisho: "Asali wangu, jana hukupokea. Nimekukosa mpaka nimeumwa." Mume mwingine angevunja kikombe. Huyu alipuliza chai, akanywa, akaenda zake kazini kwenye kiwanda cha uchapaji.

Fundi akampigia wifi yake, dada mkubwa wa mumewe.

"Wifi, kimya."

"Hata kukunja uso?"

"Kanisogezea simu utadhani ananipa chumvi."

"Na huo ni ujumbe wa kumi na moja! Wifi, mwenzako ana mtu. Mimi namjua mdogo wangu, utotoni ukigusa kalamu yake tu anakurukia."

Jumbe zote zilitoka kwa wifi huyo huyo, kwa laini mpya aliyoinunua kwa kazi hiyo. Mtego wao ulikuwa rahisi: akiona wivu, bado anampenda; akinyamaza, moyo wake uko kwingine. Miezi minne sasa mwanaume hakuuliza wala kununa, hata shati lake jeupe lilipoungua kwa pasi. Na kila Alhamisi alichelewa kurudi, akinukia ubani.

"Leo si Alhamisi?" wifi akauliza.

"Ndiyo."

"Sasa unangoja nini?"

"Sanduku langu liko dukani, nimeshalifunga. Nikimkuta na mwanamke, wifi, sirudi kwake."

Saa kumi jioni akamfuata mumewe kwa mbali kutoka kiwandani mpaka kwenye nyumba ya chini yenye dirisha wazi. Hata kwa hasira ile aliona pazia lilivyopindwa vibaya. Akajibanza ukutani.

"Soma tena, polepole," sauti ya mwanamke ikasema ndani, ikicheka. "Napenda unavyosoma."

Fundi akajitoa ukutani. Akasukuma mlango.

"Leo ndio leo! Huyo mwanamke wako..."

Mwanamke mwenyewe alikuwa bibi wa miaka themanini, kavaa sari na miwani nyeusi, mkono ukipapasa hewani kutafuta aliyeingia. Msahihishaji alikaa mbele yake na rundo la karatasi na kalamu nyekundu, ubani ukifuka pembeni.

"Shikamoo, mama," Fundi akasema, aibu ikimchoma.

"Marahaba. Ndiye mkeo huyu? Ana sauti nzuri. Kaa, mwanangu. Macho yangu yamekwisha, kwa hiyo mumeo ananisomea kitabu changu ndipo akisahihishe."

"Kitabu cha nini?"

"Cha falsafa ya Kihindu. Kinahusu prakriti, maada ya kwanza iliyozaa kila kitu. Ina nyuzi tatu: wepesi wenye nuru, msukumo, na uzito. Zikilingana, kimya. Zikivurugika, dunia inaanza, mawe, miti, wewe na kelele zako. Na pembeni yupo purusha, shahidi. Yeye hatendi kitu. Anatazama tu."

Fundi akageuka taratibu.

"Anatazama tu? Mume wangu, ndivyo ulivyokuwa ukinifanyia?"

Msahihishaji akainamisha kichwa.

"Nilikuwa na wivu mbaya, unajua. Nakupigia dukani mara kumi kwa siku. Ukasema maswali yangu yatakuua. Niliposoma sura ya kwanza nikaona nimepata dawa. Wewe ndiye prakriti, mambo yote yanatoka kwako. Mimi niwe shahidi, nitazame bila kugusa."

"Zile jumbe?"

"Nimezisoma zote. Nimezikariri."

"Na kama ningeondoka naye?"

Akaigeuzageuza kalamu nyekundu mkononi.

"Nijibu! Sanduku langu limefungwa, nimebakiza kulibeba tu. Ungesimama mlangoni unitazame?"

"Nilikuwa najifunza hivyo."

Bibi akapiga meza, karatasi zikaruka.

"Nani kakwambia mkeo ndiye prakriti? Hukusoma sura ya sita?"

"Tunasoma moja kila mwezi, Mwalimu. Tuko ya nne."

"Mungu wangu! Akili yako nayo ni maada! Hicho kinachosema 'mimi, mimi' ndani yako ni maada! Huo wivu uliojidai umeuacha ni maada tupu, nao umekujaa kifuani. Shahidi hana mke, hana kalamu. Wewe ni mume wa mtu, na unaumia."

Msahihishaji akamgeukia mkewe.

"Ni nani?" akauliza. "Huyo mwanaume ni nani? Anafanya kazi gani? Amekushika mkono?"

Swali hilo Fundi alilingoja miezi minne. Sasa limekuja, na alitamani ardhi immeze.

"Ni dada yako."

"Dada yangu kafanya nini?"

"Ndiye anayeziandika. Hakuna mwanaume. Tulikuwa tunakupima."

Kalamu ikamponyoka.

"Nimelala nimekupa mgongo, nameza mate nisikutukane. Kumbe mnacheka?"

"Sikucheka hata siku moja. Nililia, na wewe ukatazama."

Mume akasimama. Fundi akajua ama anamwacha sasa hivi, ama hamwachi tena.

"Nina hasira na wewe," mume akasema.

"Niambie."

"Nina hasira mpaka natamani kuvunja vikombe!"

"Niambie yote, mume wangu. Sitaki unyamaze tena."

"Semeni huko nje," bibi akadakia. "Mtaa mzima una maada ya kutosha."

Wakatoka. Mume alimgombeza kona hadi kona, watu wakigeuka kuwatazama, naye Fundi akimjibu neno kwa neno huku machozi yakimtoka. Aliogopa, aliona aibu, na hakuwahi kupata furaha kama ile tangu mwaka uanze. Wakati wa kuvuka barabara mume akamshika mkono, bado anafoka, akauminya mpaka ukamuuma, na walipofika ng'ambo hakuuachia.