Dakika Tano za Kunyamaza

Rehnuma alimwambia Tanzil anyamaze kabla hata hajamjua jina. Ilikuwa jioni, katika duka la dawa alilofanyia kazi pale Mirpur, Dhaka, riksho zikigombana kwa kengele hadi mlangoni. Kijana alikuwa amepanda ngazi mbio, kanzu yake ya rangi ya haradali imelowa jasho.

"Nipime presha, dada. Kichwa kinaniuma, bosi ananiudhi, jiji zima linaniudhi."

"Kaa. Egemea kiti, usikunje nne, mkono weka mezani. Na dakika tano usiseme neno."

"Dakika tano? Mama yangu mwenyewe ameshindwa."

Akampima hivyo hivyo kijana akibwabwaja: 152 kwa 94. Akamnyamazisha, akasubiri, akapima upya: 122 kwa 78.

"Ile ya kwanza ilikuwa ya ngazi na mdomo wako," alisema. "Namba ya juu ni moyo unaposukuma damu, ya chini ni unapopumzika. Wewe hupumziki."

"Basi kesho nitakuja kupumzika hapa."

Akaja, tena kwa miezi minane, na simu kila usiku: "Lala, roho yangu, usije ukanipandishia presha." Alimleta hata Amma, yaani mama yake, Bi Monowara. Rehnuma alimpima siku tatu tofauti, na zote namba ya juu haikushuka chini ya 170. Daktari akampa kidonge cha kila siku. Baada ya mwezi ikawa 128, na Rehnuma, aliyekuwa akimwita Khala, yaani mama mdogo, kama wanavyoitwa mama wa watu wengine, alifurahi kama amepimwa yeye.

Kisha ikaja simu ya Jumatatu.

"Amma amepona, mpenzi. Wiki ya tatu hii hagusi vidonge. Anakunywa maji ya ukwaju, anatia na chumvi kidogo."

Rehnuma aliuweka chini mkanda wa kupimia. "Wiki tatu unanificha?"

"Namba si ulisoma mwenyewe kwamba imeshuka?"

"Vidonge ndivyo vilivyoishusha. Ukiviacha inarudi. Na chumvi juu yake? Mnataka kumuua?"

"Chunga mdomo, huyo ni mama yangu. Mtaa mzima unakunywa ukwaju. Halafu hata kichwa hakimuumi."

"Presha haiumi, Tanzil, na huo ndio ubaya wake. Baba yangu hakuumwa kichwa hata siku moja, mpaka asubuhi ile mshipa ulipopasuka."

"Wewe kila mtu unamwona baba yako."

Rehnuma akakata simu. Hasira yake haikuwa ya ukwaju. Mwanamume ambaye yeye alimwambia siri za marehemu baba yake alikuwa amezichukua akampiga nazo. Siku nne simu iliita, hakupokea. Alipima wateja kwa ukali hadi mwenye duka akamuuliza kama anawapima au anawakamata.

Siku ya tano Tanzil alisimama mlangoni hajanyoa, amemshika mama yake mkono.

"Usinisemeshe mimi," alisema. "Mpime tu."

"Nani alitaka kukusemesha? Ulivyo na roho nyeusi."

"Na wewe ulivyo na kiburi, simu ishirini!"

"Thelathini na moja. Nilihesabu."

"Nyamazeni nyote," Rehnuma akaamuru, na yeye mwenyewe akijihesabu, akamkalisha Bi Monowara, akaupandisha mkono wa nguo yake hadi begani. "Dakika tano. Mtu asiseme neno."

Hawakuwa wamewahi kukaa kimya hivyo. Katika dakika ya pili Tanzil aliacha kumkazia Rehnuma macho, akatazama sakafu. Katika ya tatu machozi yalimdondoka, akayafuta kwa kiganja, hakusema samahani kwa sababu alikatazwa kusema. Akatoa mfukoni pakiti ya vidonge, akaisogeza mezani taratibu mpaka ikagusa vidole vya Rehnuma. Rehnuma alikuwa bado na hasira. Vidole hakuvitoa.

Katika ya nne Bi Monowara alishindwa.

"Mwanangu ni mjinga, na mimi nilimfunza," alisema. "Njoo ukae kwetu, uwe mkwe wangu. Nani mwingine atanigombeza nimeze?"

Tanzil aliinua uso.

Rehnuma aliitazama saa, akaanza hesabu mwanzo. Sauti yake ilikuwa kali bado.

"Ukiongea inapanda, Amma. Tunaanza upya."