Sufuria na Mafiga

Walikuwa wamekwisha kupita kisima cha mwisho cha kijiji, mama mbele na sufuria kichwani, Fatu nyuma na mkeka, na bado sauti ya baba ilikuwa ikiwafuata kutoka uani.

"Mbona mafiga umeyaacha, Mashavu? Beba na mafiga, ukapikie huko kwa kaka yako."

Mama hakugeuka. "Ukiulizwa huko," alimwambia Fatu, "sema tumekwenda kusalimia."

Kutoka Handeni hadi Korogwe walitembea siku mbili. Mjomba Mdoe, mkata mkonge, aliwatazama akiwa mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kwangu anayekula anafanya kazi. Mwalimu Semboja wa shule ya hapa akikupokea, utasoma. Akikukataa, Jumatatu unakwenda kuanika mkonge."

Kulipokucha, shuleni, Mwalimu Semboja, mtu wa koti kuukuu la vita vya Hitla, alimwuliza Fatu atokako, akampa kibao.

"Andika hadithi. Mstari wa kwanza ukinichosha, wa pili sisomi."

Fatu aliandika: *Hapo zamani palikuwa na sultani.*

Semboja alipiga mwayo. "Huyu sultani ulimwona wapi?"

"Sikumwona, mwalimu."

"Umemwazima. Kila anayeingia hapa ananiletea huyo huyo."

"Labda alipita Handeni kutafuta mbuzi," alidakia Athuman wa dawati la mbele. Darasa likacheka.

"Futa. Nakupa nafasi moja tu."

Fatu alitemea kibao mate, akafuta kwa kiganja. Akilini aliuona mkonge wa Jumatatu. Akakumbuka pia onyo la mama, lakini kingine cha kuandika hakuwa nacho.

*Mama aliondoka na sufuria, baba akabaki na mafiga.*

Semboja alisoma, akakigeuza kibao. Nyuma kulikuwa kutupu.

"Halafu? Nani alipika?"

"Sijafika huko, mwalimu."

Hata Athuman alikuwa amenyoosha shingo.

"Sikilizeni," alisema Semboja kwa ukali ule ule. "Sultani wa kuazima hamsumbui mtu. Huyu ameanza na kitu alichokiona kwa macho yake, na sasa sote tunataka kujua kilichofuata. Anza na kweli unayoijua, msomaji atakufuata. Wewe, kaa pale. Kesho uje na jembe, shamba la shule lina magugu."

Fatu alisoma hadi darasa la sita, akafundisha Mombo. Athuman alipata ukarani wa mizani ya mkonge. Semboja alihamishiwa Lutindi, akafia huko. Mjomba Mdoe alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Baba alinunua sufuria nyingine. Mama hakurudi.