Mkono wa Miji Mitatu

— Huyu mwanaume ni nani?

Mchumba wangu aliinua macho kutoka kwenye sampuli ya birika la mbao. Nilikuwa nimeshika daftari lake la kazi, limefunguka kwenye mchoro wa mkono wa kiume.

— Nani kakuruhusu kupekua?

Hakuna aliyeniruhusu. Mimi ni seremala. Shule niliiacha darasa la sita, lakini macho hayakuacha kusoma. Yeye ni mbunifu wa bidhaa. Miezi minane alikuwa akiniletea michoro ya vishikio, vya birika, pasi na milango, nami namchongea sampuli kabla hazijaenda kiwandani. Katikati ya vumbi la mbao tukapendana. Kila kishikio nilimuuliza kimetoka wapi, naye ananisimulia miji aliyoishi. Mji wa baridi watu huvaa glavu, ndiyo maana kishikio kina nafasi pana. Mji wa maghorofa lifti hufa kila wiki na maji hupandishwa kwa ngazi, ndiyo maana ndoo yake ni nyepesi. Wa tatu ni huu wetu. Sikuchoka kuuliza.

Kwenye daftari kila mji ulikuwa na mikono ya watu wake. Ila mkono mmoja, wenye kovu kwenye gumba, ulikuwamo katika miji yote.

— Mkono huu umekufuata miji mitatu, nikamwambia. Mwezi ujao kazi inakuhamishia wa nne. Nao unakwenda?

— Unakwenda.

— Kumbe mimi ni wa kuchonga tu.

Akanipokonya daftari, akatoka. Mchana ukaingia ujumbe: "Birika nimempa fundi mwingine. Wewe endelea na upelelezi."

Nilipiga simu mara tano, hakupokea. Kesho yake asubuhi nikaenda kwao. Wivu ulinikataza, udadisi ukanisukuma. Mzee mmoja alinifungulia, akikandamiza kitasa kwa kiwiko. Vidole vyake vilijikunja kama tangawizi. Kwenye gumba, kovu.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Wewe ndiye fundi unayeuonea wivu mkono usioweza kufunga kifungo?

Nikakosa pa kuweka uso. Yeye alicheka mpaka akakaa. Akanieleza kwamba alikuwa mpishi wa hotelini, akihama kufuata kazi, binti nyuma yake. Mji wa kwanza alishika kisu vizuri. Wa pili kisu kikaanza kumponyoka. Hapa, hata kikombe. Sasa kazi ilikuwa ya binti, na zamu ya kufuata ilikuwa ya baba.

Mchumba wangu akatokea jikoni.

— Mabosi wangu wanadhani naijua miji, akasema. Naujua mkono mmoja. Kila mji ulinionyesha kitu ambacho mkono huo hauwezi tena kushika.

Niliomba radhi bila kuremba. Nikasema nimekosa, na kwamba sitaki aende bila mimi. Randa na misumeno yangu vinaenea kwenye sanduku moja.

— Nani kakualika?

— Mimi, akajibu mzee. Ila asije kama mpangaji. Alete kwanza wazee wake.

Walikuja Jumamosi. Wiki mbili baadaye tukaoana. Siku ya safari, nikiwa nafunga sanduku, nikamuuliza mke wangu huo mji wa nne ukoje, na watu wake wanashikaje vitu.

— Sijui, mume wangu. Sijawahi kufika.

Hakuwahi kunijibu hivyo. Nikafurahi kuliko siku ya ndoa. Safari hii tutauliza wote wawili.