Pumzi Kwenye Rejeta

Nilikuwa nafunga geti la gereji, jua limeshazama, lori likasimama mbele yangu. Lori la jeshi la zamani, pua ndefu, limepakwa upya rangi ya kijani mpaka linang'aa. Kazi yangu ni hita za malori kama hayo. Wenye nayo huyapenda kuliko watoto wao, lakini wakipanda nayo mlimani kebini inakuwa friji, na hapo ndipo wananikumbuka. Nyumbani kwangu dirisha halifungi sawasawa na upepo unaingia utakavyo. Mganga hajigangi, hunitania mke wangu.

Jioni ile nilitaka kuwahi kwake. Ana mimba kubwa, na giza likiingia mtoto huanza kucheza. Huchukua kiganja changu akakiweka tumboni, nami namsikia mwanangu akipiga teke. Sina starehe nyingine.

Aliyeshuka kwenye lori ni mama wa makamo, amevaa koti la kiume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Nifungie hita. Leo leo." Alikuwa ananong'ona. "Na usipandishe sauti, mwanangu. Ndio kwanza amelala."

Nikachungulia kebini. Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na blanketi tu.

Hapo nikamtambua. Habari zake mafundi wote tulikuwa nazo. Mume wake, mpenda malori, lori hilo hilo lilimzimikia mlimani kwenye baridi kali, akafia ndani. Nikamwonea huruma. Msiba humfanya mtu aseme chochote.

Akanipa rejeta ndogo ya hita, imefungwa kitambaa kama mtoto mchanga.

"Weka hii. Ndiyo yake."

Hita ya lori haina maajabu. Maji ya moto ya injini hupita kwenye rejeta ndogo, feni inapuliza, kebini inapata joto. Ila kabla ya kuifunga lazima ujue kama haijaziba, na sisi mafundi tuna kipimo chetu. Unaweka mdomo kwenye bomba la kuingilia, unakinga kiganja kwenye bomba la kutokea, unapuliza. Pumzi ikigonga kiganja, rejeta ni nzima.

Nikatema karafuu niliyokuwa nainyonya kwa ajili ya jino. Nikapuliza.

Kiganjani hakikufika kitu.

Nikapuliza tena, kwa nguvu. Pumzi ikaenda... ikaenda... Rejeta iliyoziba hukurudishia pumzi mdomoni. Hii haikurudisha. Iliipokea yote.

Kisha ikavuta.

Midomo yangu ilinata kwenye bomba. Kifua kikabonyea. Nilipojinasua nilikuwa nimepiga magoti, na mikono yangu imekufa ganzi kuanzia vidoleni mpaka viwikoni. Ningeweza kuacha kazi pale pale, nikakimbia. Lakini ganzi ile ilikuwa imefika mpaka kwenye woga. Niliona tu kwamba kazi haijaisha.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikainama chini ya dashibodi, shavu karibu na kile kiti. Nikaikaza rejeta mahali pake kwa kutazama, maana mikono haikuniambia kitu.

Springi za kiti zikalia. Nyiii...

Sikugeuka.

Mipira ya maji ilikuwa bado sakafuni, sijaiunganisha. Injini imezimwa. Feni haina hata waya.

Hewa ya moto ikanipiga usoni.

Ilinuka karafuu.

"Ahsante, mwanangu," mama akanong'ona. Alikuwa ameweka kiganja kwenye tundu la hewa, machozi yanamtoka. "Walimkuta ameing'oa, ameikumbatia. Bomba liko mdomoni. Alikuwa anavuta joto la mwisho." Akalivuta blanketi juu kidogo, kama anayefunika bega la mtu. "Nilimwambia avumilie, nitamtafutia jingine."

Hakungoja niunganishe mipira; akawasha injini, akaiacha ingurume. Nilishuka nikaegemea ubavu wa lori, nikatazama tu. Muda ukapita. Nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Nikatafuta inatokea wapi.

Kiganja changu kilikuwa kwenye bomba la moshi, lile linalopanda ubavuni mwa lori.

Nikakiondoa. Ngozi ilibaki pale. Lori likaondoka, na kwenye kioo cha abiria palikuwa na ukungu, ule wa mtu anayepumua kwa ndani.

Nyumbani mke wangu hakuniacha hata nivue viatu.

"Umechelewa, mwenzangu! Mwanao anacheza mpira humu. Hebu weka mkono."

Nikaweka ule mzima. Niliona gauni linaruka. Mara moja, mara ya pili. Sikusikia chochote. Ilikuwa kama nimegusa ukuta. Hapo ndipo nilipotaka kulia, na kilio pia hakikuja.

Akauona mkono wa pili.

"Mungu wangu, umeungua! Na wala hulalamiki?" Akaishika mikono yangu yote miwili. "Baridi gani hii, kama umetoka mochari?"

Akafanya jambo ambalo mtu yeyote hufanya akiona jeraha la moto. Akainama, akapuliza.

"Usi..." nilisema.

Joto likaingia. Vidole vikaamka kimoja kimoja, kiganja kikaanza kuuma, na maumivu yale yalikuwa matamu. Nilitaka kuivuta mikono. Haikutaka kutoka. Yeye alizidi kupuliza, mashavu yamebonyea, macho yamemtoka, hana pa kupatia pumzi nyingine.

Alipoachia, alikaa kitandani polepole.

"Funga dirisha," akasema. "Kuna baridi."

Nikaweka kiganja tumboni kwake. Sasa nilisikia kila kitu: uzi wa gauni, mshono, kitovu kilichotokeza. Nikangoja. Nikakihamisha huku na huku, nikabonyeza kidogo.

"Mbona hachezi?" nikauliza. "Mke wangu, mbona hachezi?"

Akalivuta shuka juu ya tumbo lake, akaweka kidole mdomoni.

"Usipandishe sauti," akanong'ona. "Ndio kwanza amelala."