Kilichokuwa Tumboni mwa Snöfrid

Hillevi Sundvall alipouchomoa mkono wake tumboni mwa ng'ombe, alikuta ameshika majani mabichi.

Kutia mkono tumboni mwa ng'ombe hakukuwa kioja. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Snöfrid, ng'ombe mweupe asiye na pembe, alikuwa na kidirisha ubavuni kilichozibwa kwa kifuniko cha mpira, na kila asubuhi kabla ya malisho Hillevi alikifungua, akaingiza mkono hadi begani, akachota maji yenye vijidudu vya tumboni ili akavichunguze maabara. Kioja kilikuwa yale majani. Ilikuwa Februari kaskazini mwa Sweden, theluji imefika madirishani, na ng'ombe wa chuo hawakuonja kitu tangu Oktoba ila majani yaliyovundikwa, yenye harufu kali ya siki. Haya yalikuwa na umande, na yalinukia kiangazi.

"Mzee, umempa nini huyu?" alimuuliza Sixten, mtunza ng'ombe, mtu wa miaka sitini asiyeweza kukaa dakika tano bila kumtania mtu.

Sixten akayatazama. Safari hii hakutania. "Nimempa nilichowapa wenzake."

"Basi haya yametoka wapi?"

"Yatupe, Daktari. Na mikono unawe vizuri."

Hillevi hakuyatupa. Aliyatia kwenye mfuko, akaandika tarehe, kwa maana alikuwa mtu wa kuandika tarehe hata juu ya mtungi wa jamu nyumbani kwake.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na kwa miaka kumi na minne alikuwa amehama chuo hadi chuo kwa mikataba mifupi kama kibarua wa msimu. Hapa alipewa uhadhiri wa majaribio wa miaka minne, na miaka minne ilikuwa inakatika. Alhamisi ya juma lililofuata kamati ingekaa kuamua kama atathibitishwa au atafunga virago. Tumaini lake lote lilikuwa ndani ya Snöfrid. Ng'ombe huyo hakucheua gesi ile inayoongeza joto duniani kama wenzake, na vijidudu vya tumboni mwake havikufanana na vyovyote vilivyowahi kuandikwa. Hillevi alikuwa amevimimina kwenye matumbo ya ng'ombe wekundu wanne wa chuo, nao wenye vidirisha kama Snöfrid, na vilikuwa vimeshika. Vikiendelea kushika hadi Alhamisi, kazi ni yake mpaka uzeeni.

Siku ya tatu baada ya majani, alikuwa ameinama ubavuni mwa mmoja wa wale wekundu pale sauti ilipoingia kupitia matundu ya hewa. Ilikuwa ya mwanamke, nyembamba, ndefu, ikipanda na kupanda, jinsi wachungaji wa kike wa zamani walivyoita mifugo yao kutoka milimani. Ng'ombe wote watano waliinua vichwa kwa pamoja, wakaacha kucheua. Ajuaye zizi anajua kwamba halinyamazi kamwe, daima kuna taya inayosaga mahali fulani; sasa hakukuwa na taya hata moja, na katika kimya hicho Hillevi, mkono wake ukiwa bado ndani ya tumbo, alihisi joto la mnyama likishuka polepole kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, mpaka ikawa kama ameutia mkono katika kijito cha mlimani, na kitu laini kikapita kati ya vidole vyake kama kinatafuta njia. Aliuchomoa mkono. Aliogopa, na alijua kwamba ameogopa.

Ndipo alipoona masikio ya yule ng'ombe mwekundu. Ncha zake zilikuwa nyeupe. Akawaangalia wengine watatu, nao vilevile, na mmoja weupe ulikuwa umefika shingoni.

"Sixten," aliita kwa sauti ya chini. "Umesikia?"

"Nasikia tangu Jumapili." Sixten alimvuta hadi chumba cha maziwa, akafunga mlango. "Sikutaka kukuambia. Ungenicheka, ungesema mzee ameanza kuwehuka."

"Sasa sicheki."

"Unakumbuka tulikompata Snöfrid? Kule malisho ya kiangazi, yule mama mwenye kundi alisema si wake, ametoka msituni akajiunga na kundi. Mimi nikarusha kisu juu ya mgongo wa ng'ombe. Wewe ukacheka, ukaniuliza kama ndiyo chanjo."

"Nakumbuka."

"Haikuwa chanjo. Twende kwa shangazi yangu."

Shangazi Gunborg alikuwa na miaka themanini na tisa, akiishi ghorofa ya tatu karibu na duka la dawa. Aliwakaribisha kahawa yenye vipande vya jibini ndani, kama desturi ya huko, akamsikiliza Hillevi mpaka mwisho huku akitafuta jibini kwa kijiko. Majini ya msituni huko huitwa vittra. Wana nyumba zao chini ya ardhi na ng'ombe wao weupe, na Gunborg aliwazungumzia jinsi mtu anavyozungumzia majirani asioelewana nao.

"Ng'ombe ni wako, mwanangu," alisema. "Chuma kilipita juu yake, na hilo wanaliheshimu. Ila tumbo lake bado wanalilisha wao. Wewe ukachota anachocheua, ukawapa wengine. Uliomba?"

"Shangazi, ni vijidudu. Kila tumbo lina vyake. Niombe kwa nani?"

"Haya. Cha mtu mavi, na hawa wakija kudai hawaji na karani wa mahakama." Alinywa kahawa kidogo. "Kwao, yeyote aliyebeba chao, tumboni au mfukoni, ni wa kundi lao. Hawamdhuru. Wanamchunga tu. Rudisha chote, ukingoni mwa msitu, jua likiwa bado juu. Pale kwa Snöfrid kiache, usichote tena, ndipo mahali pake. Kwingine kote usibakize hata tone."

"Nikirudisha sina cha kuionyesha kamati."

"Mimi sijui mambo ya kamati," alisema Gunborg. "Ng'ombe ndio ninaowajua."

Hillevi hakulala vizuri. Aliwaza mikataba yake yote, vyumba vya kupanga, masanduku ambayo hakuwahi kuyafungua kwa sababu angehama tena, na alilia kwa hasira, kwani alikuwa amekaribia sana. Asubuhi alimpigia Sixten akamwambia alete mapipa.

Waliwakomba wale wekundu mmoja baada ya mwingine, konzi kwa konzi, mpaka matumbo yakabaki matupu, wakayajaza upya kwa yale waliyofyonza kwa mpira kupitia kooni mwa ng'ombe wa kaka yake Sixten. Hillevi akaongeza vichupa vya maabara, mia na kitu, na ule mfuko wa majani. Wakayaburuta mapipa juu ya theluji hadi kwenye miberoshi ya mwanzo, jua likiwa jekundu juu ya vilele ingawa ilikuwa saa nane tu mchana. Walipomwaga, mvuke ukapanda, na ndani ya ule mvuke, bila mnyama yeyote kuonekana, theluji ilianza kubonyea, kwato baada ya kwato, kundi zima likija kwa mstari kutoka kwenye miti, likasimama mbele yao likinusa, wakasikia pumzi nzito na kengele ndogo ya shingoni, na nyuma ya pumzi hizo mtu mmoja aliyekuwa akihesabu kwa mnong'ono, na alipofika mwisho wa hesabu akaianza tena, kana kwamba haikutimia.

"Umemwaga vyote?" Sixten aliuliza huku meno yakigongana.

"Vyote."

"Hillevi."

"Nimesema vyote, mzee. Twende."

Havikuwa vyote. Kwenye friza ya maabara, katika baridi inayogandisha kila kitu, alikuwa ameacha kichupa kimoja kisichozidi kidole kidogo. Kutoka kwenye kichupa hicho angeweza kuotesha upya kila kitu, taratibu, mahali pengine, kwa ng'ombe wengine. Alijiambia kwamba kilichoganda hakina uhai, na kisicho na uhai hakihesabiwi.

Zizi lilitulia. Jumatatu ng'ombe walicheua, Jumanne weupe ulianza kufifia masikioni. Sixten alirudi kwenye utani wake, akamwambia daktari akifukuzwa ataajiriwa kusukuma kinyesi, maana uzoefu anao.

Alhamisi Hillevi alisimama mbele ya watu saba akaeleza kazi yake. Mwenyekiti, mama mmoja mrefu mwenye miwani, aliuliza kama bado anavyo vijidudu hivyo. "Ninavyo," alijibu. "Viko salama, chini ya ufunguo wangu." Alipolisema hilo matundu ya hewa ya ukumbi yalilia kidogo. Hakuna aliyegeuka isipokuwa yeye.

Walimthibitisha kwa kauli moja. Walimpa mikono, wakamletea keki, naye akacheka na kushukuru, ingawa keki hakuigusa, kwa kuwa tangu alfajiri tumbo lilikuwa limejaa na hakujua limejaa nini. Alichukua barua yake akatoka moja kwa moja kwenda zizini kumwambia Sixten, na furaha yake ilikuwa ya kweli, alitembea karibu akimbie.

Alipofungua mlango, ng'ombe wote watano waliacha kucheua. Hawakutazama msituni. Walimtazama yeye, kwa utulivu, jinsi kundi linavyomtazama mwenzao aliyechelewa kufika.

Sixten alikuwa ameshika koleo. Tabasamu lake lilififia.

"Hongera, Daktari," alisema polepole. "Unatafuna nini?"

Hillevi alitaka kumjibu kwamba hajala kitu tangu jana. Ilimbidi ameze kwanza. Akameza, akafungua mdomo aseme, na kabla neno halijatoka kile alichokimeza kilipanda tena taratibu kooni, kibichi, cha baridi, na taya zake zikaanza upya.