Saa ya Mume Wangu Iliyorudi Nyuma Kila Siku

Nina miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja, muuza mchele hapa Tunduma. Nimezaliwa Igamba, kwenye kahawa, na mama yangu alinifundisha kutolia mbele za watu. Lakini ndugu msomaji, leo niache nilie kidogo...

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa karani wa mizigo upande wa Zambia. Anavuka asubuhi, anarudi jioni. Wenzangu wa mpakani mnaijua shida yetu. Ukivuka tu, simu inashika mtandao wa kule na kurudi nyuma saa nzima, maana wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Baba Neema akitazama simu anadhani bado mapema, kumbe huku chakula kimepoa na mtoto kasinzia mezani!

Nikasema basi, namnunulia saa ya mkono. Nilizunguka soko zima, si mchezo! Za rangi ya dhahabu nilizikataa, zinachujuka haraka. Nikachukua ya chuma, kioo kigumu, namba kubwa, mkanda wa ngozi ya kahawia. Nikaiweka kwa saa za Tanzania na kumvalisha mwenyewe. Akacheka, akasema sasa nimemfunga kamba. Na kweli akawa anarudi mapema. Jamani, nilijiona nimepata!

Saa ile niliitunza kama mtoto mchanga. Kila jioni akiivua naifuta jasho kwa kitambaa laini. Nilimkataza kupulizia manukato karibu na ngozi ya mkanda. Betri nilibadilisha kabla haijaisha, maana iliyokufa ikiachwa ndani huvuja na kuharibu mashine. Wenzangu sokoni walinicheka, eti nimeolewa na saa. Nikawaambia wacheke tu.

Mvua za mwaka jana ndipo mambo yalipoanza. Jioni moja naifuta, naona iko nyuma kwa saa moja. Nikaisogeza mbele. Kesho yake, nyuma tena! Nikasogeza. Keshokutwa, vilevile... Baba Neema ananitazama, hasemi kitu. Nami sikumuuliza, nilidhani imeingia maji.

Mara mkanda nao ukabadilika. Wa kahawia hakuna, umekuja mweusi mpya. Nilipouliza, akasema ule ulikatika akiwa kazini, akaweka mwingine kule kule. Nikafurahi, mjinga mimi! Nikasema angalau naye kajifunza kutunza kitu.

Jumamosi moja akaiacha nyumbani. Nikaipeleka kwa fundi saa vilevile ilivyokuwa. Akaifungua, akasema ndani pakavu, na betri ni mpya kabisa. Betri mpya? Kaiweka nani? Saa mbovu, akanieleza, huchelewa dakika chache chache, lakini hii imerudi saa moja kamili.

"Shemeji, saa hii ni nzima. Inakwenda kwa saa za Zambia."

Sikurudi nyumbani, nilivuka. Nikawauliza wapakia mizigo karani wao anakula wapi mchana. Mmoja akanionyesha mlango wa nyumba ya jirani.

Nikamkuta mwanamke mpole, mjamzito, anafua mashati. Moja nililijua, kifungo chake cha chini nilikishona mimi! Nikamwambia mimi ndiye mke wa karani. Shati likamponyoka. Akapiga goti na kuniita bamayo, kwa heshima, kama mtu anavyomwita mama yake.

"Bamayo, mimi aliniambia mke wake alikufa. Hata misa nilikuombea."

Nimpige? Nimpige vipi mtu aliyeniombea nipumzike kwa amani?

Tulikaa chini, tukalia pamoja. Akanieleza kwamba kila mchana Baba Neema akifika kula, yeye huikuta ile saa iko mbele kwa saa moja, naye huirudisha nyuma. Akadhani ni mbovu. Ndipo akatia betri, akanunua na mkanda. Kumbe wanawake wawili tulikuwa tunatengeneza saa moja isiyo na ubovu, na mwenye mkono anatutazama, kimya!

Jioni nilipomkabili, hakukana. Alisema tu, "Ningeanzia wapi kukueleza?" Akakusanya nguo zake, akavuka. Neema alimsindikiza mpaka mlangoni akidhani baba anaenda safari ya kazi.

Kuachwa nimekubali, wanawake wengi wanaachwa. Lakini kuzikwa ningali napika chakula chake? Hilo halijanitoka moyoni. Mpaka leo padri akianza kuwaombea marehemu, mimi nainuka natoka nje. Siwezi...

Dada zangu, mnunulie mumeo saa nzuri, itunze, hakuna ubaya. Lakini ukiona kitu chake kinabadilika nawe hujakigusa, usikirekebishe kimyakimya kama mimi. Uliza siku ile ile, hata kama jibu litakuumiza. Mimi nilinyamaza nikidhani nalinda ndoa yangu, kumbe ng'ambo ya mpaka nilishaombewa misa ya wafu.