Asilimia Ishirini ya Nini?

Hakuwa na kikokotoo, hakuwa na meza ya kusomea, wala viatu vya pili. Hata uvumilivu wa kulisoma swali mara mbili hakuwa nao. Lakini hesabu alizijua, au ndivyo alivyoamini, na darasani wenzake walimwita Bingwa.

Kila alasiri msichana huyo alikwenda kumsaidia shangazi yake, fundi cherehani, kushona vifungo. Siku moja shangazi alipokea barua. Shule fulani ilitaka sare mia moja, ikauliza bei ya kila sare kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Shangazi alizoea kutaja bei moja tu, kodi ikiwa ndani yake: 12,000.

"Kodi ni asilimia ishirini, mwanangu. Tunaitoaje humo?"

"Shangazi nawe! Hiyo ni kama kunywa maji."

Akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika mezani. Asilimia ishirini ya 12,000 ni 2,400. Zinabaki 9,600. Shangazi akajibu barua: 9,600 kabla ya kodi, 12,000 pamoja na kodi.

Wiki iliyofuata mhasibu wa shule aliingia dukani, barua mkononi.

"Mama, nikiongeza asilimia ishirini juu ya 9,600 napata 11,520. Wewe unadai 12,000. Hizi 480 ni za nani? Mwalimu mkuu anasema unatuibia. Asipopata maelezo ya maandishi leo, kazi anapewa fundi mwingine."

Shangazi akaiangalia barua. "Nimekosea mimi, baba. Shule sikufika mbali."

Msichana aliinama juu ya vifungo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuna aliyemtaja; angenyamaza, yangepita. Lakini alipomwona shangazi akichukua kalamu aandike kwamba kosa ni lake, alishindwa.

"Si yeye. Ni mimi."

Mhasibu akavuta kigoda. "Kumbe! Haya, mwalimu wangu, ulitoa asilimia ishirini ya nini?"

"Ya... bei."

"Bei ipi? Kodi huhesabiwa juu ya bei ya kabla. Hiyo ndiyo asilimia mia. Ukiongeza ishirini?"

"Mia na ishirini," akanong'ona. "Kwa hiyo 12,000 ni sehemu mia na ishirini!"

Akagawanya kwa 120, akapata 100. Akazidisha kwa 100: 10,000. Safari hii hakutamba. Alitafuta asilimia ishirini ya 10,000, akapata 2,000, akajumlisha. 12,000 kamili.

"Mwalimu mkuu akiiona hesabu hii, kazi ni yenu," alisema mhasibu.

Shangazi hakumgombeza msichana, na hilo lilimchoma zaidi. Alimpa kalamu tu.

"Kila mtu hukosea, mwanangu. Aibu ni kumwacha mwenzio abebe kosa lako. Na jibu ukilipata, lihakiki kabla hujajisifu. Sasa andika."

Akaandika hesabu yote, na chini yake: "Aliyekosea ni mimi, si shangazi yangu. Naomba radhi." Shangazi akatia sahihi. Msichana akaikunja barua, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba, kisha akamkabidhi mhasibu aipeleke.